Sakafu ya Karakana ya Nyumbani: Namna ya Kuchagua Kitu cha Kudumu Juu ya Zege

Mtu anayegeuza banda la gari kuwa karakana huanza na meza ya kazi, jiliwa, rafu za spana na taa nzuri, na sakafu huiacha kama alivyoikuta. Baada ya muda vumbi la saruji huanza kuingia katika kila droo, oili iliyomwagika huacha doa lisilofutika, na nyundo ikidondoka huchimba kishimo. Hapo ndipo mwenye karakana huenda dukani kuulizia kitu cha kutandika, na dukani huonyeshwa picha za sakafu zinazong'aa kama kioo bila kuulizwa hata swali moja kuhusu kazi anayoifanya wala kuhusu zege lililo chini. Mwongozo huu unaanza na maswali hayo mawili, kwa sababu kwa maoni yangu sakafu nyingi za karakana hazifi kwa ubovu wa bidhaa iliyonunuliwa. Hufa kwa sababu bidhaa hiyo iliwekwa juu ya zege lisilofaa, au ilipewa kazi isiyo yake. Mifano mingi nimeichukua Dar es Salaam na mwambao, ambako joto, unyevu na chumvi hukutana, ingawa nitagusia pia nyanda za juu ambako baridi ndiyo huleta matatizo.

Anza na kinachoanguka sakafuni

Kabla ya kuuliza bei, andika kwenye karatasi kila kitu kinachofika sakafuni katika kazi yako. Anayetengeneza magari ataandika oili ya injini, grisi, petroli, maji ya rejeta, mafuta ya breki na pengine asidi ya betri. Seremala ataandika maranda, gundi, vanishi, thina, na patasi inayoponyoka mkononi. Anayechomelea vyuma ataandika cheche, vipande vya vyuma vilivyokatwa vikiwa bado vya moto, na unga wa chuma unaotoka kwenye grenda, ambao katika hewa ya pwani huota kutu na kuacha madoa ya rangi ya chungwa.

Orodha hiyo ndiyo itakayokuamulia mambo mengi, kwa kuwa hakuna kitu kimoja kinachostahimili vyote. Saruji tupu haidhuriki na oili, lakini huinywa na kubaki na doa. Asidi ya betri, ambayo ni asidi ya salfuriki, huila saruji yenyewe na kuacha mchanga na kokoto wazi. Mafuta ya breki ya aina ya DOT 3 na DOT 4 hubabua rangi nyingi yasipofutwa mapema. Petroli na oili hufurisha na kulainisha mpira wa kawaida. Cheche za kuchomelea hutoboa plastiki, huunguza epoksi (rangi nzito ya resini inayopakwa sakafuni) na zinaweza kuwasha maranda yaliyojificha chini ya zulia la mpira.

Baada ya vimiminika, fikiria uzito, na hapa watu wengi hukosea kwa kulitazama gari zima badala ya kutazama sehemu inayogusa sakafu. Tairi la gari dogo lililojazwa upepo wa psi 32 huikandamiza sakafu kwa takriban kilo 2.2 kwa kila sentimita ya mraba, kwa kuwa kani hiyo hukaribiana na ile ya upepo uliomo ndani ya tairi. Sasa liweke gari hilo hilo juu ya stendi za jeki. Stendi inayobeba kilo 400 kwa miguu minne, kila mguu ukigusa sakafu kwa sentimita 2 tu za mraba, huweka kilo 50 juu ya kila sentimita ya mraba, yaani zaidi ya mara 20 ya tairi. Sakafu ambayo gari limeegeshwa juu yake kwa miaka bila tatizo inaweza kutobolewa, kupasuliwa au kubonyezwa siku ya kwanza ya kubadilisha breki. Magurudumu ya chuma ya jeki nayo ni hivyo hivyo, na hayo yana ubaya wa ziada kwa kuwa hutembea huku yamebeba mzigo.

Maji yanayotoka chini

Zege halizuii maji kabisa. Lina vitundu vidogo sana ambavyo hupandisha unyevu kutoka ardhini, na nyumba nyingi zilizojengwa kwa awamu, fundi akibadilishwa kila fedha zilipopatikana, hazikutandazwa nailoni nzito chini ya jamvi, yaani bamba la zege, la banda la gari hata kama vyumba vya kulala vilitandazwa. Zege likiwa wazi, unyevu huo hutoka na kupotea hewani bila mtu kuuona. Ukilifunika kwa kitu kisichopumua, unyevu hukusanyika chini yake, ukibeba chumvi zilizoyeyuka, na hatimaye huisukuma rangi hadi ikavimba na kubanduka. Ule unga mweupe unaoonekana sehemu za chini za kuta na kwenye sakafu za pwani ni chumvi hizo zikiwa zimekauka, na huwa nyingi zaidi pale ambapo zege lilichanganywa kwa mchanga wa baharini ambao haukuoshwa.

Kwa hiyo pima kabla ya kununua. Kata kipande cha nailoni angavu chenye sentimita 45 kwa 45, kiweke juu ya zege lililofagiliwa na kukauka, kisha kibandike pande zote nne kwa utepe mpana wa gundi bila kuacha mwanya wowote. Kiache kwa saa zisizopungua 16, mahali pasipopigwa na jua moja kwa moja; ukikibandika jioni, kifungue kesho yake mchana. Ukikiinua, tazama vitu viwili: kama kuna matone upande wa chini wa nailoni, na kama zege lililofunikwa limekuwa jeusi kuliko lile la pembeni. Weka vipande kadhaa, kimoja karibu na ukuta wa nje, kimoja katikati na kingine karibu na mlango. Kipimo cha Januari kinaweza kukudanganya. Mwaminifu zaidi ni kile kinachofanywa kuelekea mwisho wa masika, mwezi wa Mei, maji ya ardhini yakiwa yamepanda, na mtu anayeishi maeneo ya chini yanayotuama maji ni heri asubiri msimu huo kuliko kuharakisha kazi itakayobanduka.

Kipimo kikionyesha maji, usiongeze tabaka la rangi ukitumaini litayashinda. Ama uvunje na kumwaga jamvi jipya juu ya nailoni ya geji 1000, ambayo ni maikroni 250, ama uchague sakafu inayoacha zege lipumue, kama zege lililogumishwa au vigae vya plastiki vyenye matundu, nitakavyovieleza mbele.

Lisome zege ulilonalo

Nyumba nyingi za Tanzania zina jamvi la zege, juu yake tabaka la mchanga na saruji, na juu kabisa niru, yaani saruji tupu iliyosuguliwa kwa mwiko hadi ikalainika. Niru hupendeza sebuleni. Katika karakana ni adui, kwa sababu ni ganda jembamba lisiloshikamana vizuri na kilicho chini yake, lenye nyufa ndogo ndogo zilizotapakaa kama utando, na chochote utakachokibandika juu yake kitakuwa na nguvu ile ile ya ganda hilo na si zaidi.

Jambo hili unaweza kuliona kwa macho ukipata kipande cha rangi kilichobanduka kwenye sakafu ya zamani. Kigeuze na ukitazame kwa chini. Kama kimeng'oka na unga wa kijivu umekishikilia, rangi haikuwa na kosa: zege au niru ndiyo iliyoachia. Kama upande wa chini ni safi na laini, rangi haikushika kabisa, ama kwa kuwa sakafu haikusuguliwa ama kwa kuwa ilikuwa na mafuta. Kama kuna majimaji au chumvi nyeupe, tatizo limetoka ardhini. Dakika moja ya kukitazama kipande hicho inakupa habari kuliko maneno ya muuzaji yeyote.

Kama sakafu haijawahi kupakwa kitu, tumia msumari, nyundo na maji. Kwaruza kwa msumari: ukichimba mfereji kwa urahisi na kutoa unga, tabaka la juu ni dhaifu na lazima liondolewe. Gonga kwa nyundo ndogo hatua kwa hatua ukisikiliza. Mahali penye mlio wa uwazi tabaka la juu limeachana na jamvi, napo pavunjwe na kujazwa upya. Kisha dondosha matone ya maji. Yakinywewa ndani ya dakika chache na kuacha doa jeusi, vitundu viko wazi. Yakisimama kama shanga, kuna oili, nta au dawa iliyopakwa zamani, na hakuna rangi itakayoshika hapo hadi paoshwe kwa sabuni ya kuondoa grisi na maji ya moto, pasuguliwe kwa brashi ngumu, na kipimo kirudiwe.

Nyufa nazo zisomwe. Ufa mwembamba ambao haujabadilika kwa miaka unaweza kujazwa. Ufa unaofunguka kiangazi na kujifunga mvua zikinyesha, kama ilivyo kwa nyumba nyingi zilizojengwa juu ya udongo mweusi wa mfinyanzi upande wa Embakasi na Athi River kule Kenya, utapasua kila kitu kigumu kitakachowekwa juu yake, viwe vigae au epoksi. Kwa sakafu ya namna hiyo chagua vitu vinavyotandikwa bila gundi.

Zege lililogumishwa, chaguo linalopitwa

Ningekuwa na banda la gari la kawaida la pwani, kazi mchanganyiko ya magari na vyuma, na fedha zisizo nyingi, nisingelifunika zege. Ningeliimarisha. Ziko dawa za maji zenye silikati ya sodiamu au ya lithiamu ambazo hupenya ndani ya zege, hukutana na chokaa iliyobaki baada ya saruji kuganda, na kutengeneza humo ndani kitu kile kile kinachoipa saruji nguvu zake. Vitundu vya juu huziba kiasi, vumbi hukoma, na uso unakuwa mgumu zaidi kukwaruzika. Kwa kuwa hakuna ngozi iliyowekwa juu, hakuna cha kubanduka. Unyevu unaendelea kutoka, cheche hazina cha kuunguza, na stendi ya jeki inakaa juu ya zege lenyewe.

Kazi yake ni rahisi, ila ina sharti moja. Ondoa niru kwa grenda yenye diski ya almasi, osha, acha pakauke, kisha mwaga au nyunyiza dawa na uisambaze kwa brashi pana ukihakikisha sakafu imebaki imelowa kwa takriban nusu saa. Sharti ni kwamba kinachobaki juu lazima kioshwe kabla hakijakauka, maana silikati ikikauka juu ya sakafu huacha ukoko mweupe ambao kuutoa ni kazi kubwa kuliko kazi yenyewe. Usitegemee dawa hii izuie madoa ya oili kabisa, wala usitegemee izuie asidi. Betri zichajiwe ndani ya beseni la plastiki.

Ikiwa unamwaga jamvi jipya, una bahati, kwa kuwa ugumu unaweza kuujenga tangu mwanzo. Tumia mchanganyiko wa saruji 1, mchanga 1.5 na kokoto 3, unene usiopungua milimita 100, na milimita 125 hadi 150 kama unafikiria kufunga lifti ya gari siku za usoni. Maji yawe machache kadiri zege linavyoweza kushindiliwa. Zege lililochanganywa kama uji ni rahisi kulimwaga, lakini hupandisha maji na vumbi la saruji juu, na uso wake huwa dhaifu daima. Zege likianza kushika, kabla ya kusuguliwa, unga wa kugumisha wenye madini magumu ya kwatzi au koranda unaweza kunyunyizwa kwa kiasi cha kilo 5 kwa kila mita ya mraba na kusuguliwa uingie. Banda la mita 3 kwa 6 litahitaji kilo 90. Katika siku ya kwanza kata viungo vya kuelekeza nyufa kila baada ya mita 3, kina chake kikiwa robo ya unene, kisha mwagilia maji kwa siku 7 huku ukilifunika kwa magunia. Mteremko wa sentimita 1 kwa kila mita kuelekea mlangoni unatosha kutoa maji bila kulifanya jeki lijiendee lenyewe.

Epoksi: unene na maandalizi

Wanaotaka sakafu safi inayofutika kwa kitambaa, hasa wanaofanya kazi za injini au za umeme wa magari, watakuwa sahihi kuchagua epoksi, mradi wajue wananunua nini. Neno epoksi huandikwa kwenye makopo yenye vitu tofauti sana. Kuna rangi ya kopo moja inayochanganywa na maji, na kuna resini isiyo na kiyeyushi inayokuja na kopo la pili la hadna, yaani dawa ya kuigandisha. Tofauti yao inaonekana kwa hesabu. Lita 1 ikipakwa kwenye mita 10 za mraba hutoa tabaka bichi la milimita 0.1; kama nusu yake ni maji, likikauka linabaki milimita 0.05, nusu ya unene wa karatasi ya kuchapia. Resini isiyo na kiyeyushi ikipakwa lita 1 kwa mita 4 za mraba huacha milimita 0.25, na haipungui kwa kuwa hakuna kinachoruka hewani. Kwa hiyo usilinganishe bei za lita. Muulize muuzaji asilimia ya yabisi kwa ujazo, yaani sehemu inayobaki rangi ikikauka, na unene wa tabaka likishakauka, ukokotoe mwenyewe: banda la mita za mraba 18 linahitaji lita 4.5 kwa kila tabaka la milimita 0.25, na matabaka mawili juu ya praima, yaani rangi ya kutangulizia, ndiyo kiwango cha chini ambacho ningekipendekeza kwa karakana. Sakafu ya kujisawazisha yenye unene wa milimita 2 itakula lita 36, nayo ndiyo inayofaa palipo na kazi nzito ya kila siku.

Rangi nyembamba ina ugonjwa wake unaojulikana sana. Gari likitoka safarini matairi huwa ya moto. Yakisimama juu ya rangi, huilainisha, vilainishi vilivyomo ndani ya mpira huhamia kwenye rangi, na tairi likipoa na kujikunja huishika. Asubuhi gari likirudishwa nyuma, vipande vinne vya sakafu huondoka nalo. Katika joto la Dar es Salaam jambo hili halichelewi.

Maandalizi ndiyo sehemu kubwa ya kazi. Zege jipya lipewe siku 28 kabla ya chochote. Sugua kwa grenda ya almasi hadi uso ukishikwa kwa kiganja uwe na ukali wa msasa namba 80 hadi 120. Kusugua zege kikavu hutoa vumbi la silika linaloharibu mapafu moja kwa moja, hivyo vaa barakoa ya kuchuja vumbi ya daraja la FFP3, funga grenda kwenye mashine ya kufyonza vumbi, na usiwaruhusu watoto kusogea. Kitambaa kilichofungwa usoni si kinga. Wengine hutumia asidi ya hidrokloriki iliyopunguzwa nguvu. Siipendi kwa karakana, kwa sababu haiondoi mafuta, hulowesha zege upya na hutesa macho na vifua, lakini ukilazimika kuitumia, fungua milango yote, mimina asidi kwenye maji na kamwe si maji kwenye asidi, kisha osha kwa maji yenye magadi na suuza mara kadhaa.

Siku ya kupaka huchaguliwa kwa hali ya hewa, si kwa nafasi ya fundi. Pwani, miezi ya Juni hadi Septemba ndiyo bora. Unyevu wa hewa usizidi asilimia 85, na joto la zege liwe angalau nyuzi 3 juu ya kiwango ambacho umande huanza kutanda, la sivyo uso hupata utando wa ukungu unaonata na tabaka la pili halishiki. Anza alasiri, jua likiwa limeanza kulegea. Asubuhi zege linapopata joto, hewa iliyomo katika vitundu vyake hutanuka na kutoka, ikiacha mapovu na vishimo vya sindano katika epoksi iliyo bichi; alasiri linapopoa haliisukumi hewa nje. Nairobi, Iringa au Mbeya mambo hugeuka: usiku wa Juni na Julai joto linaweza kushuka hadi nyuzi 10 na chini yake, na epoksi nyingi za kawaida huacha kukomaa hapo. Huko subiri miezi ya joto.

Changanya resini na hadna kwa uwiano ulioandikwa, bila kukisia kwa macho, ukitumia drili ya mwendo wa polepole. Hamishia mchanganyiko kwenye ndoo ya pili na uchanganye tena, kwani resini isiyochanganyika iliyonata ukingoni mwa ndoo ya kwanza ndiyo inayoacha madoa yasiyokauka. Kisha mimina yote sakafuni mara moja. Mchanganyiko ukikaa ndani ya ndoo hujipasha joto wenyewe, na kila joto linapopanda nyuzi 10 muda wa kuutumia hupungua kwa takriban nusu; fundi aliyezoea dakika 40 katika nyuzi 20 ana dakika 20 tu katika nyuzi 30. Ni afadhali kuchanganya kidogo kidogo.

Juu ya tabaka la kwanza likiwa bado bichi, nyunyiza mchanga mkavu wa kwatzi kwa wepesi ili kupunguza utelezi. Usizidishe: sakafu iliyo kali mno haifutiki na hutesa magoti ya anayelala chini ya gari. Rangi ya kijivu hafifu ndiyo ninayoipendelea, kwa kuwa huonyesha tone la oili siku linapoanza kuvuja na huonyesha skrubu iliyodondoka. Vile vipande vya rangi mbalimbali vinavyorembesha sakafu huzimeza skrubu zote. Mlango ukiingiza jua, malizia na tabaka la polyurethani, maana epoksi hugeuka njano na kuchuja juani. Mtu anaweza kutembea baada ya siku moja, lakini gari lisubiri siku 7.

Vigae, mpira, plastiki na mbao

Vigae vinaweza kudumu sana, ila si vile vya sebuleni. Tafuta porselini isiyozidi asilimia 0.5 ya kunywa maji, yenye rangi moja hadi ndani ili mchubuko usionekane, na daraja la kuzuia utelezi la R10 au R11. Vigae vinavyong'aa ni hatari pakiwa na tone la oili. Kinachoviua ni uwazi chini yake. Fundi anayeweka mabonge matano ya udongo wa saruji chini ya kila kigae na kukigonga kikae sawa anaacha mapengo ambayo mguu wa stendi utayapata. Dai gundi ya vigae itandazwe kwa mwiko wa meno sakafuni na ipakwe pia mgongoni mwa kigae, kisha wakati kazi inaendelea ng'oa kimoja na ukigeuze: gundi iwe imeenea karibu mgongo mzima. Terazo ni imara pia, nayo hung'arishwa upya ikichakaa, lakini kama ina chenga za marumaru, kila asidi itaacha alama.

Mazulia ya mpira hayafai kufunika banda zima la magari, ila ni zawadi kwa miguu na mgongo wa mtu anayesimama saa nyingi mbele ya meza, na patasi ikidondoka juu yake haipotezi makali. Yainuliwe mara kwa mara ili sakafu ikauke. Vigae vya plastiki vinavyoshikana kwa meno hufaa nyumba ya kupanga, kwa kuwa huhama na mpangaji. Vya polipropilini vyenye matundu huacha zege lipumue na havidhuriki na mafuta mengi. Vya PVC huweza kupata madoa ya kahawia yasiyotoka pale tairi linapokaa. Aina zote mbili huyeyuka kwa cheche, na oili hupenya chini yake bila kuonekana. Peva za nje, au kabro kama wanavyoziita Kenya, ziachwe nje: viungo vyake hunywa oili na kumeza nati.

Mbao ni za seremala peke yake. Sakafu ya mbao iliyopigiliwa juu ya papi ni ya upole kwa magoti na kwa vifaa, na kwa anayefanya kazi kwa mkono siku nzima hakuna inayoishinda. Katika nchi yetu, hata hivyo, swali la kwanza kuhusu mbao ni mchwa. Tumia mbao zilizowekwa dawa, acha nafasi ya hewa chini yake, tengeneza sehemu zinazoinuliwa ili ukague mara kwa mara, na usiilaze kamwe juu ya zege lililoshindwa kipimo cha nailoni.

Kuigawa karakana

Si lazima sakafu iwe moja. Pa kuchomelea pabaki zege tupu, na penye kukatwa vyuma kwa gesi paongezwe bati nene la chuma juu yake, kwa sababu zege lenye unyevu likipigwa na mwali wa gesi linaweza kupasuka na kurusha vipande. Pa kuegesha gari na kulinyanyua pawe zege lililogumishwa au epoksi nene, na mbele ya meza pawekwe mpira. Chini ya kila stendi weka kipande cha plaiwudi nene au cha bati la chuma cha sentimita 20 kwa 20 hivi. Kwa hesabu ya kilo 400 tuliyoifanya, stendi iliyosimama juu ya kipande kimoja kigumu cha ukubwa huo huikandamiza sakafu kwa kilo 1 tu kwa sentimita ya mraba. Hakikisha kipande kimekaa sawa na hakitelezi kabla hujaingia chini ya gari.

Ukipaka epoksi, bakiza kidogo cha resini na cha hadna katika makopo yake yaliyofungwa vizuri, uyaweke mahali pa baridi na uandike tarehe juu yake. Kovu la kwanza litakapotokea, lisugue kwa msasa hadi sentimita chache nje ya ukingo wake, lifute kwa kitambaa chenye thina, na ulipake siku hiyo hiyo kabla oili haijapata njia ya kuingia chini ya sehemu ambazo bado ni nzima.